Mutoto Akijichafua ku Masomo, Kazi ni ya Nani?

Ndugu musomaji, jambo ninaloandika leo si la kuzungumza wakati wa kula. Wengine mutasema: "Pasta amekosa kitu kingine ya kuandika?" Lakini munisikilize mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili liko ndani ya nyumba nyingi za Butembo na Beni, hata kule ku machimbo, na watu wanalificha. Ni habari ya mutoto anayejichafua ku masomo: anajikojolea ndani ya kilasi, ao anajinyea kwenye benchi, ao musichana anaona damu ya mwezi kwenye sketi yake mbele ya wavulana.

Siku ile mutoto anarudishwa nyumbani. Mwalimu anasema: "Wazazi wake hawakumufundisha." Muzazi anasema: "Mwalimu hakumuchunga." Na mutoto anabaki katikati, analia, bila mutu.

Nitaanza na habari yangu mwenyewe. Si vizuri mutu aonyeshe kidole nyumba ya jirani wakati ya kwake inavuja.

Siku ya Jumanne

Ilikuwa mwaka 2016, hapa Butembo. Kijana wangu alikuwa na miaka 6, kilasi ya kwanza. Jina la shule sitalitaja, maana siandiki ili nishitaki mutu. Siku ya Jumanne, karibu saa tano ya asubuhi, nilikuwa nyumbani nikitayarisha mahubiri. Nikasikia sauti ya watoto njiani, wanaimba na kucheka. Nilifikiri ni muchezo tu. Nilipotoka, nikaona kijana wangu anakuja, kaptula yake ya bluu imelowa, uchafu umeteremuka mpaka kwenye soksi, na nyuma yake watoto saba ao nane wanaziba pua na kumuimbia. Mwalimu alikuwa amemupa kijana mukubwa wa kilasi ya tano amusindikize, lakini yule mukubwa alisikia haya, akamwacha njiani. Mutoto alipita peke yake katikati ya watu wa soko.

Sasa niwaambie nilifanya nini. Majirani walikuwa wamesimama, wanatazama. Mimi sikumuuliza mutoto hata neno moja. Nilimushika mukono, nikamupiga makofi matatu mbele ya wale watoto wengine, ili watu waone kwamba ndani ya nyumba ya mchungaji watoto wanapewa nidhamu. Mke wangu akatoka jikoni, akamuchukua bila kusema kitu, akaenda kumuosha nyuma ya nyumba. Usiku tulipolala aliniambia neno moja tu: "Papa, mutoto alikuwa anakuja kwako kutafuta pa kujificha."

Kesho yake nilienda ku masomo. Hasira yangu haikuisha, ilibadilisha njia tu. Nilimusemesha mwalimu kwa makelele mbele ya kilasi yote: "Tunalipa prime kila mwezi, na munashindwa kumuosha mutoto mumoja!" Yule mwalimu ni mama aliyezeeka katika kazi. Alinyamaza mpaka nikachoka. Halafu akaniambia polepole:

"Pasta, niko na batoto 61 humu ndani. Nikitoka na mumoja, 60 banabaki na nani? Maji ya kumuosha nitayatoa wapi? Bidoni inatoka kule chini ku kisima, na tunainunua. Na hata nikimuosha, nguo ya kumuvalisha iko wapi? Tena watu bakiona niko namuvua mutoto wa wenyewe nguo, kesho batasema nini juu yangu?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na yale maulizo manne: nani abaki na wengine, maji yatoke wapi, nguo iko wapi, na nani amulinde mwalimu na maneno ya watu. Mpaka leo ninaona kwamba kila shule na kila kamati ya wazazi wanapaswa kuyajibu. Nitarudi kwayo mbele kidogo.

Si uvivu, si uchawi

Baada ya siku ile kijana alikataa masomo. Kila asubuhi tumbo linamuuma. Na kitu cha kushangaza, hata nyumbani nguo zake zikaanza kuwa na alama, kidogo kidogo, karibu kila siku. Mimi nilisema ni uvivu. Koko yake alisema iko mutu amemutazama vibaya. Majuma matatu yalipita namna ile. Kisha mke wangu akamupeleka kwenye kituo cha afya.

Muuguzi alimugusa tumbo, akauliza swali ambalo sisi wazazi hatukuuliza hata mara moja: "Ku masomo anaendaka choo?"

Ndipo mutoto akafungua kinywa. Hakuwa ameingia choo cha shule hata siku moja tangu mwaka uanze. Choo kina milango mitatu, hakuna hata mumoja ulio na komeo. Tundu ni kubwa, anaogopa ataanguka ndani. Na wakubwa wanarusha mawe kwenye bati mutu akiwa ndani. Kwa hiyo alikuwa anajizuia kutoka asubuhi mpaka kurudi nyumbani, na akirudi, hamu imekwisha kupotea.

Muuguzi alitueleza vizuri, na mimi ninawaeleza nyinyi. Mutoto akijizuia siku nyingi, haja kubwa inakauka na kuwa ngumu ndani ya utumbo. Kutoka kwake kunaleta maumivu, kwa hiyo anajizuia zaidi. Utumbo unavutika kama mufuko uliojazwa kupita kiasi, na mutoto hasikii tena vizuri wakati umejaa. Kisha ile laini inayotoka nyuma inapita pembeni ya ile ngumu, inavuja ndani ya nguo bila yeye kujua. Muzazi anaona nguo chafu na kufikiri mutoto anahara, ao anafanya makusudi. Kweli yenyewe ni kwamba amefungwa tumbo. Kumupiga ni sawa na kumupiga mutu kwa sababu anakohoa.

Dawa haikuwa fimbo. Muuguzi alimupa dawa ya kulainisha, akatuagiza: maji ya kutosha kila siku, matunda na mboga, papai, maracuja, avoka, lengalenga, siyo fufu tupu, na kila asubuhi baada ya kula, mutoto akae chooni dakika tano ao kumi bila kuharakishwa, miguu ikiwa imekanyaga kitu kigumu. Alituonya kwamba itachukua miezi, siyo siku. Ilichukua miezi minne.

Juu ya kujikojolea kitandani, wazazi wengi hawajui hesabu hii: katika watoto 100 wenye miaka 5, karibu 15 wangali wanakojoa usiku. Kwa miaka 10 wanabaki karibu 5. Wengi wanapona wenyewe kadiri wanavyokua, kwa sababu mwili wao unachelewa kidogo, kama vile mutoto mumoja anachelewa kuota meno. Mara nyingi hata baba ao mama alichelewa vilevile, lakini amesahau. Kumuanika mutoto na godoro lake nje mbele ya majirani hakujamuponyesha mutoto yeyote.

Lakini mujue tofauti. Mutoto akikojoa mara nyingi sana muchana, akisikia moto wakati wa kukojoa, akiwa na kiu isiyokwisha na kukonda, ao kama alikwisha kuacha kukojoa na sasa ameanza tena, apelekwe kwa muganga. Na ikiwa mutoto amebadilika ghafula, anaogopa mutu fulani ao njia fulani, musikilize kwa upole. Wakati mwingine mwili unasema kile ambacho kinywa kinaogopa kusema.

Watoto wa Beni na sauti ya risasi

Mchungaji mwenzangu wa Beni alinisomea kitabu cha shule yao ya Jumapili. Kati ya watoto wake wengi ni wa watu waliokimbia. Tangu Oktoba 2014, wakati mauaji ya raia yalipoanza kuzidi katika eneo la Beni, watu wamekimbia vijiji mara nyingi, wakakaa kwa ndugu, ndani ya madarasa, hata ndani ya makanisa. Alisema: "Mulango ukipigwa na upepo, batoto tatu ao ine banalowanisha benchi. Na siyo badogo. Mumoja ako na miaka 11."

Mutoto ambaye alikuwa amekwisha kukauka, akapata hofu kubwa, anaweza kurudi nyuma na kujikojolea kama mutoto mudogo. Hii inajulikana na waganga kila pahali palipo vita. Hakuchagua. Mwili wake ungali unakimbia hata kama miguu imefika. Ukimucheka, unaongeza hofu juu ya hofu. Yule mchungaji aliweka desturi moja rahisi: jambo likitokea, watoto wote wanatoka nje kuimba, mama mumoja anabaki na yule aliyelowa, na hakuna mutu anayeuliza ni nani. Benchi linapanguswa, wanarudi. Kwisha.

Choo cha shule ni sehemu ya darasa

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa kipimo katika mwaka 2009: choo kimoja kwa wasichana 25, na kwa wavulana choo kimoja pamoja na pa kukojolea kwa kila 50. Ndugu musomaji, uende uhesabu milango ya choo ku masomo ya mutoto wako, kisha uulize hesabu ya wanafunzi. Mimi nilihesabu. Sitasema nilipata nini; uhesabu wewe.

Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema masomo ya musingi ya serikali ni ya lazima na bila malipo, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza neno hilo. Tumushukuru Mungu, watoto wengi waliokuwa wanauza ndizi njiani waliingia darasani. Lakini vyoo havikuzaliana. Kilasi iliyokuwa na watoto 60 ikapata 90, hata kupita, na milango ya choo ikabaki ileile mitatu. Shule zetu nyingi ni za mapatano: tangu mapatano ya mwaka 1977 serikali inalipa walimu, nalo kanisa linasimamia shule. Kwa hiyo sisi watu wa kanisa hatuwezi kusema choo ni kazi ya serikali peke yake. Tunajenga kanisa la matofali na bati mupya, na choo cha watoto nyuma yake ni cha maturubai yaliyopasuka. Musomaji wa Biblia ajikumbushe Kumbukumbu la Torati sura ya 23: Mungu aliwaagiza Waisraeli watenge pahali pa haja inje ya kambi, na kila mutu awe na kitu cha kuchimbia na kufunika. Kama Mungu hakuona haya kuagiza habari ya choo, sisi tunaona haya ya nini?

Kule ku machimbo, kama pande za Manguredjipa, jambo ni zito zaidi. Watu wanakuja kwa ajili ya zahabu, wanajenga vibanda haraka, hakuna anayefikiri atakaa, kwa hiyo hakuna anayechimba choo kirefu. Maji ya kuoshea muchanga ndiyo maji wanayooga watoto. Baba ako ndani ya shimo, mama anauza chakula, mutoto wa miaka 5 anachungwa na yaya wa miaka 9. Mutoto namna hiyo akifika darasani bila kujua kutumia choo wala kunawa, mwalimu asimuite mupumbavu. Hakuna aliyemuonyesha. Na minyoo inazidi pale watu wanapojisaidia ovyo, kwa hiyo kampeni ya dawa ya minyoo ikipita ku masomo, musiwafiche watoto.

Binti zetu

Baba, usipindue ukurasa huu. Binti wa miaka 11 ao 12 anaweza kupata siku zake mara ya kwanza akiwa darasani, na kama hakuna aliyemwambia mbele, anafikiri anakufa. Wengine wanabaki nyumbani siku tatu ao ine kila mwezi kwa sababu choo cha shule hakina mulango wala maji. Ukihesabu mwaka muzima, amekosa majuma mengi, kisha tunasema wasichana hawana akili.

Mama amuambie binti yake mapema, kwa maneno ya wazi, na amutayarishie vitambaa safi ao kotexi ndani ya mukoba. Kama vitambaa ni vya kufua, vifuliwe na sabuni na vianikwe kwenye jua, siyo kufichwa chini ya kitanda pahali pa unyevu. Shule iwe na mama mwalimu mumoja anayejulikana, ambaye binti anaweza kumuendea bila kueleza mbele ya watu, na kikwembe kimoja cha kujifunga mpaka afike nyumbani. Na baba, feza ya kotexi ni feza ya masomo, sawa na ya daftari.

Wakati uchafu ni ugonjwa

Hapa kwetu tulijifunza kwa uchungu. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa, ukianzia Mangina, karibu na Beni. Ulifika Butembo na Katwa, na ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3 470 walikuwa wameugua na 2 287 walikufa. Ulirudi Butembo mwanzoni mwa 2021, na Beni mwishoni mwa mwaka uleule. Munakumbuka ndoo ya kunawa kwenye kila mulango wa shule, na kipima joto kwenye paji la uso. Siku zile mutoto akitapika ao kuhara darasani, wote wanakimbia, na wazazi wengine walificha wagonjwa kwa kuogopa maneno.

Leo ndoo nyingi zimekauka. Zingine zimekuwa za kuwekea muchanga. Tusingoje ugonjwa mwingine ili tuzijaze. Na mujue namna ya kusafisha uchafu wa mutu bila kujiumiza:

1. Ondoeni watoto wengine kwanza, fungueni madirisha. Yule aliyechafuka apelekwe pembeni na mutu mukubwa.
2. Usiguse na mukono mutupu. Vaa glovu, ao, ikikosekana kabisa, mifuko ya plastiki isiyopasuka.
3. Ondoa uchafu kwa kitambaa ao kwa majivu na kipande cha karatasi ngumu, utupe ndani ya choo ao shimo.
4. Mwaga maji ya klori ya nguvu pahali pale. Kama chupa ya javeli imeandikwa 5%, changanya kopo 1 ya javeli na makopo 9 ya maji. Acha dakika kumi na tano, kisha osha kwa maji. Dawa hii ya nguvu ni ya sakafu na benchi, siyo ya kumuoshea mutoto. Mutoto anaoshwa na maji na sabuni tu. Usichanganye javeli na dawa ingine.
5. Nawa mikono na sabuni, hata kama ulivaa glovu.

Kama mutoto anahara maji kama ya mucheli, ao kuna damu, ao ana joto kali na kutapika, usisafishe tu na kunyamaza, wala usimupandishe kwenye moto katikati ya watu wengine. Ita kituo cha afya. Kusema mapema hakuleti haya. Haya ni kuficha mpaka ugonjwa uingie katika nyumba kumi.

Maulizo manne ya mama mwalimu

Sasa turudi kwa yule mwalimu. Baada ya kituo cha afya, nilirudi kwake, na mara hii niliingia na kofia mukononi. Nilimuomba musamaha mbele ya kilasi ileile ambamo nilimutukana. Kisha tulipeleka maulizo yake kwenye kamati ya wazazi, ile COPA ambayo wengi tunaikumbuka tu wakati wa kulalamika juu ya feza. Tulibishana siku mbili. Baba mumoja alisema: "Mimi nalipa, sitaki kusikia habari ya mavi." Mama mumoja akamujibu: "Mutoto wako ni wa pili kujinyea mwezi huu. Mimi ndiye nilimuosha." Akakaa chini. Haya ndiyo tuliyopatana.

Nani abaki na wengine? Mwalimu wa kilasi ya jirani anafungua mulango na kuchunga vilasi viwili kwa dakika kumi na tano. Direkta akiwapo, anaingia yeye mwenyewe.

Maji yatoke wapi? Kila jamaa inatoa bidoni moja ya maji kwa zamu, na kipande cha sabuni mara moja kwa mwezi. Baba mumoja fundi alitengeneza pahali pa kuogea nyuma ya ofisi, mbao na turubai, bure. Makomeo ya choo yalinunuliwa, na kwa wadogo tuliweka ubao wenye tundu dogo, ili wasiogope kuanguka.

Nguo iko wapi? Hiyo ni kazi ya muzazi. Kila mutoto wa maternele na wa kilasi ya kwanza anakuja na mufuko wenye kalesoni moja, kaptula ao sketi ya zamani, na kitambaa. Nguo chafu inafungwa ndani ya plastiki, inarudi nyumbani. Muzazi anaifua siku ileile na kurudisha mufuko kesho asubuhi, bila kununa. Shule inaweka akiba ya nguo chache kwa mutoto asiye na mutu.

Nani amulinde mwalimu na maneno? Mutoto anaoshwa na watu wakubwa wawili pamoja, hata siku moja siyo mumoja peke yake, na mulango wa turubai hauelekei gizani. Mutoto anayeweza kujiosha anajiosha mwenyewe, mukubwa anampa maji tu. Muzazi anaambiwa siku ileile. Desturi hii inamulinda mwalimu na inamulinda mutoto pia.

Tuliongeza neno la tano: mutoto hafukuzwi kwenda nyumbani peke yake akiwa muchafu, na hapigwi. Sheria ya nchi yetu ya kulinda mutoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inataka nidhamu itolewe kwa utu, nyumbani na ku masomo. Na kwa wadogo, ruhusa ya kwenda choo haiombwi mara mbili. Mwalimu alitundika kipande cha mbao kwenye musumari karibu na mulango. Mutoto akiwa na haja, anachukua mbao, anatoka, anairudisha. Kijana wangu alikuwa wa kwanza kuizoea.

Siwadanganye kwamba yote yalikwenda sawa. Zamu ya maji ilikufa mara mbili, tukaifufua. Kuna wazazi ambao hawakuleta hata sabuni moja. Lakini tangu tupatane, sikuona tena mutoto akisukumwa njiani na nyimbo za matusi.

Neno kwa nyinyi vijana

Nyinyi munaosoma sekondari, munakumbuka mulimucheka nani katika kilasi ya pili? Yeye anakumbuka. Katika Mwanzo sura ya 9 tunasoma habari ya Noa alipolala uchi. Kijana wake mumoja aliona, akaenda kutangaza. Wawili wengine walichukua vazi, wakatembea kinyumenyume ili wasione, wakamufunika. Kila siku ku masomo munapewa nafasi ya kuwa wa kutangaza ao wa kufunika. Ukiona mwenzako amechafuka, vua tiriko yako umufunge kiunoni, mwende pamoja nje, na usiseme kitu. Hiyo ni ibada kubwa kuliko nyimbo nyingi.

Mukono wangu

Kijana wangu leo ako sekondari, ni murefu kunipita. Mbele ya kuandika nilimuomba ruhusa, akasoma yote, akaniambia niandike. Nilimuuliza kama angali anakumbuka wale watoto waliomuimbia. Akasema hapana, sura zao zimepotea. Anachokumbuka ni kwamba aliona mulango wetu, akaanza kukimbia, akafikiri: nimefika.

Alifika, na mimi nikamupiga.

Alinisamehe zamani, na Mungu pia. Lakini ninawaandikia nyinyi ambao mutoto wenu hajajichafua bado. Siku itafika, maana ni mutoto. Siku hiyo maji yawe tayari, nguo iwe ndani ya mufuko, mwalimu na muzazi wawe wamekwisha kupatana. Na mukono wake wa kwanza kukutana nao uwe mukono wa kumuosha.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani na katika kikundi cha wazazi

1. Ku masomo ya watoto wetu kuna milango mingapi ya choo, na watoto wangapi? Nani ataenda kuhesabu juma hili?
2. Mutoto wetu anaogopa choo cha shule? Tumekwisha kumuuliza?
3. Mutoto akijichafua leo saa ine, nani atamuosha, kwa maji gani, na atavaa nini?
4. Sisi wazazi tulimuaibisha mutoto gani juu ya jambo hili? Tunaweza kumuomba musamaha?